Sakafu ya mninga kwenye dainingi: miezi 14 baadaye, na ile lamineti iliyonitia hasara kabla yake

Hii nimechelewa kuiandika makusudi. Siku fundi anaondoka kila kitu kinang'aa, chumba kinanukia vanishi, hapo utasifia tu. Mbao unaijua ikishapita masika, na ikishapita lile joto la Januari na Februari ambapo kiyoyozi kinawaka toka jioni mpaka usiku wa manane. Yangu imeshapita masika mbili, ya pili ndo inaishia ishia saivi, kwahiyo nina cha kusema.

Nyumba iko Kigamboni, sio mbali na bahari, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Chumba ni dainingi ya wageni, mita 5 kwa 4.2, yaani skwea mita 21, tuliiongeza baadae upande wa sebule na katikati tumeacha uwazi mkubwa bila mlango. Sisi wenyewe siku za kawaida tunakula jikoni au tunakaa chini kwenye mkeka, hii ni ya Idi, ya wakwe, ya posa, ya wageni wa baba watoto wa kazini. Meza ya watu kumi ya mninga aliniachia bibi, na ndo iliyonifanya nitake mbao chini maana nilipoijaribu juu ya tailizi nyeupe za sebuleni ilionekana kama imekuja kushushwa tu inasubiri gari, alafu viti vikivutwa kelele yake unaisikia mpaka getini.

Sasa nianze na hasara. Mara ya kwanza sikuweka mninga, niliweka lamineti, zile mbao za kiwandani, ya milimita 8 kutoka duka moja la mjini, jina sitaji, maana leo nataka kuongelea kazi na sio kugombana na mtu. Bei ilinivutia, 38,000 kwa skwea mita, na kijana muuzaji akanionyesha kwenye boksi pameandikwa AC4 akaniambia "dada hii ni AC4, hii haiogopi maji." Mi nikaamini. Baadae sana ndo nikaja kuelewa kwamba ile namba ya AC ni ya kuchubuka, inakuambia ule uso wa juu unahimili vipi kukanyagwa na kuburuziwa vitu, AC3 inatosha nyumbani, AC4 na AC5 ni za sehemu zinazopitwa na watu wengi zaidi. Swala la maji ni swala lingine kabisa. Ndani ya lamineti kuna bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, maji yakiingia kwenye zile kingo za maungio inavimba na ikishavimba hairudi, hata ukianika juani wiki nzima.

Walikuja vijana wawili wakamaliza kwa siku mbili. Hawakupima chochote. Walitandika foamu nyembamba, wakaanza ukutani wakabana ubao umegusa ukuta kabisa, wakafunga skatingi, nikalipa, nikapiga picha. Hiyo ilikuwa Januari. Mwezi wa nne katikati ya mvua nikaanza kuona maungio yananyanyuka pembeni kama mkate uliomwagikiwa chai, mwezi wa tano katikati ya chumba pakatoka mgongo, ukikanyaga unashuka ukiondoa mguu unapanda. Nikapiga simu dukani wakasema tumedeki na maji mengi. Hatukudeki na maji mengi. Tulivyokuja kuifumua mwezi wa nane foamu ya chini ilikuwa imelowa, na kwenye kona ya dirishani kuna ukungu mweusi, na juu hapo hakuna aliyemwaga hata glasi ya maji. Maji yalitoka chini.

Hapa nataka mtu anayejenga anielewe vizuri kwasababu ndo chanzo chenyewe. Wakati tunaongeza hicho chumba mafundi wa ujenzi walimwaga zege bila kutandika ile nailoni nzito chini yake ya kuzuia unyevu wa ardhini. Nyumba ya zamani inayo, upande ulioongezwa haina. Kwa tailizi usingejua maisha yako yote. Ukiweka mbao inakuambia ndani ya masika moja. Kwahiyo duka lina kosa la kutopima na kubana ukutani, na mimi nyumba yangu ilikuwa na kosa lake, na hata wangeweka mninga ya bei kubwa siku ile nayo ingeinuka.

Huyu fundi niliyemaliza nae nilimpata Keko. Nilienda kuzunguka tu kwenye karakana za fenicha kuulizia mbao za sakafu, wengi walikuwa tayari kuniuzia palepale, mmoja alishaanza kunihesabia vipande kabla sijasema chumba kina ukubwa gani. Mwishoni kabisa kuna mzee ana kibanda kidogo na vijana wake wawili, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza shida, na swali lake la kwanza halikuwa bajeti yangu ngapi. Aliniuliza "chini pako pakavu?" Nikamwambia sijui mzee. Akaniambia basi rudi nyumbani kwanza, hatujafika kwenye mbao.

Alichonielekeza kufanya hakina gharama. Chukua kipande cha nailoni nyepesi ya kuona, kama mita moja kwa mita moja, bandika juu ya zege na tepu pande zote nne pasiingie hewa, acha siku mbili. Nikafanya sehemu tatu, katikati, kona ya dirishani na karibu na sebule. Ile ya kona baada ya usiku mmoja ilikuwa na matone chini yake kama sufuria la wali uliofunikwa. Nikampigia picha nikamtumia, akaja mwenyewe, akapitisha kiganja kwenye zege, akasema hapa tusubiri kwanza, tufungue madirisha, alafu tutaziba. Zege jipya wanahesabu kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene ndo likauke, la inchi nne ni miezi minne na msimu wa mvua inazidi, ila langu lilikuwa halina habari ya kukauka likaisha maana linavuta kutoka ardhini kila siku. Tukaacha wazi wiki sita. Ikabaki unyevu kidogo pale pale konani. Ndo ikapigwa epoksi ya kuzuia unyevu, mikono miwili, ya pili inapigwa kukatiza ile ya kwanza pasibaki tundu, na mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka vizuri wanarushia mchanga mkavu uliochekechwa ili gundi ipate pa kushika. Nikabandika nailoni tena siku mbili, kavu. Mpaka hapo nilikuwa sijanunua kipande cha mbao hata kimoja, na ni mwezi wa kumi na moja.

Haya, kuchagua mbao. Mzee aliniwekea mbele vipande vya aina tatu na akavilowesha kidogo na kitambaa, maana mbao ukiilowesha ndo unaona rangi itakavyokuwa ikishapigwa vanishi.

Mtiki kwanza. Mtiki wetu mwingi ni wa kupandwa, Longuza kule Muheza, Mtibwa Morogoro, na Bonde la Kilombero, Wajerumani ndo waliouleta huku enzi zao. Mti mzuri, una mafuta yake ndani, maji haupati nayo shida sana, na bei ilikuwa chini ya mninga. Sikuupenda kwa sababu moja tu, vile vipande alivyokuwa navyo vilikuwa vya miti midogo, kila kipande cha tatu kina ule weupe wa pembeni karibu na gome, ukitandaza chumba kizima kinakuwa na madoadoa. Mtu mwenye chumba cha kisasa cha rangi nyepesi anaweza kuupenda huohuo weupe. Mimi na meza ya bibi hapana.

Mkongo, wenyewe Mombasa wanaita mbambakofi, mgumu kwelikweli, mzito, mwekundu wa kahawia, vijana wanalalamika unaua msumeno. Ndo mbao utakayoiona kwenye milango mingi ya zamani ya pwani. Chumba kizima cha mkongo kingekuwa kizito na cha giza, ila kama mkanda wa pembeni nikaona unafaa.

Alafu mninga. Mninga sijui kama nahitaji kuisifia kwa Mtanzania, nusu ya makabati ya nchi hii ni mninga. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba sifa yake kubwa kwa sakafu sio ugumu, ipo mbao ngumu kuliko hiyo, sifa yake ni kwamba haichezi. Mbao zote zinavimba na kusinyaa kwa hewa, mninga inafanya hivyo kidogo sana kuliko nyingi, na kwa mji kama Dar ambao asubuhi hewa imelowa na jioni umewasha kiyoyozi, hicho ndo unachokitafuta. Na moyo wake mchwa na dumuzi hawaupendi, ila ule weupe wa nje wanakula vizuri tu, kwahiyo akikuuzia vipande vyenye weupe mrudishie. Rangi zinatofautiana sana, ipo ya dhahabu, ipo nyekundu, ipo yenye michirizi kama zambarau, ndani ya fungu moja.

Na niseme hili kwa uzito wake. Mninga haupandwi mashambani kama mtiki, unatoka kwenye miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma huko, na mti unaochanwa mbao leo uliota kabla baba yangu hajazaliwa. Ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, nimeona kwa macho yangu nikiwa mdogo na sijasahau. Mwaka 2022 mninga na mkongo wa Afrika viliingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, ya miti ambayo kuiuza nje ya nchi lazima kuwe na kibali maalumu. Humu ndani unatakiwa uone alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwenye mbao na hati ya kusafirishia, TP wenyewe wanavyoita. Mzee alinitolea karatasi bila mi kumaliza sentensi. Mahali pawili pengine niliambiwa "dada hayo mambo usihangaike nayo." Hangaikeni nayo jamani. Tunachukua kitu cha miaka mingi hivyo kukiweka chini ya viti, angalau kiwe kimekatwa kwa halali, na kikatwe kidogo. Ndo maana nilitaka pakei, yaani vibao vidogo vifupi vya kupanga sakafuni kwa mtindo, vinatokana na vipande vifupi ambavyo seremala wa vitanda asingevitumia.

Vibao vyangu ni sentimita 23 kwa 7, unene milimita 20. Bei 95,000 kwa skwea mita bila ufundi. Chumba ni 21 ila tulinunua 24, kwa sababu mtindo wa mfupa wa samaki unakata sana pembeni, asilimia kumi na kitu ya ziada ni ya lazima, ukinunua kamili utarudi kutafuta na hutapata rangi ileile.

Mzee ana kidude cha kupimia unyevu, kina meno mawili kama sindano unachoma kwenye mbao kinasoma. Fungu la kwanza lilisoma asilimia 19, akalikataa yeye mwenyewe, ya kwake mwenyewe, akasema hili halijafika. Akaniambia "mwanangu, mbao inakunywa na inatapika, we huioni tu." Fungu la pili lilisoma 15, ndo tulilobeba. Likaja nyumbani mwezi wa kumi na mbili na halikupigwa gundi. Lilipangwa mle mle dainingi, safu kwa safu na vijiti katikati hewa ipite, na akanisisitiza niishi kawaida, kiyoyozi niwashe kama ninavyowashaga, madirisha nifungue kama ninavyofunguaga, mbao izoee chumba.

Alafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakisimulia. Akachukua kibao kimoja akaomba mzani wangu wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Gramu 213. Akageuza kibao akaandika kwa penseli mgongoni, 213 na tarehe. Akaniambia kila Jumamosi pima hiki hiki, andika. Wiki ya kwanza 209. Ya pili 207. Ya tatu 207. Nikampigia mzee nikamwambia haijashuka, akasema sawa, Jumatatu nakuja. Gramu sita kwenye kibao kimoja, na chumba kina vibao zaidi ya elfu moja na mia tatu. Hebu piga hesabu hayo maji yangetokea wapi kama vibao vingepigwa gundi siku ya kwanza. Ndo ile nafasi unayoiona kwenye sakafu za watu, inaingia sarafu.

Kutandika kulichukua siku tano. Kwanza walipitisha rula ndefu ya mita mbili kwenye zege lote, penye uwazi unaozidi milimita tatu wakajaza, penye kichwa wakasaga. Kisha uzi. Hawakuanzia ukutani, wakavuta uzi kutoka katikati ya ule uwazi wa sebule mpaka katikati ya dirisha, wakaangalia na taa ya juu ya meza, maana kwenye dainingi macho yanashuka kutoka kwenye taa kwenda kwenye meza kwenda chini, mistari ikipishana hata sentimita mbili mtu ataona kuna kitu hakijakaa na hatajua nini. Kuta zenyewe zilikuwa zimepinda kidogo, upande mmoja umezidi sentimita tatu, wakalimalizia tatizo pembeni kwenye mkanda wa mkongo, leo huwezi kujua.

Gundi ni ile laini ya kuvutika, ya poliyurethani, wanaitandaza na mwiko wa meno. Pembeni kote wakaacha milimita 12 mpaka ukutani wakachomeka vijiti, ndo pale wale wa kwanza walipobana. Skatingi inafunika, mgeni haoni kitu, ila mbao ina pa kwenda. Na kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuchagua tu, anatoa kibao fungu hili na fungu lile, cha dhahabu, chekundu, cha michirizi, ili rangi zichanganyike zisikae makundi makundi. Nilikaa kwenye ngazi nikamwangalia nusu saa nzima anabadilisha vibao viwili vya karibu na dirisha mara nne.

Wakaacha wiki gundi ishike. Msasa ukaja na mashine, namba 40 kwa mshazari, 60, 80, mwisho 120, na pembeni mashine isipofika kwa mkono. Vumbi la mninga linanukia vizuri ila linawasha pua vibaya sana, mi nilipiga chafya siku mbili, mwenye pumu ahame nyumbani kabisa siku hizo, na mafundi wavae barakoa za maana. Vumbi la namba 120 walilikusanya wakalichanganya na gundi yake maalum wakajazia vitundu, kwahiyo kijazio kina rangi ya mbao yenyewe.

Vanishi ndo tulipotofautiana na mama. Mama alitaka inayong'aa, "chumba cha wageni lazima kimeremete." Mi nilitaka isiyong'aa kabisa. Mzee akapiga vipande vitatu vya sampuli akaviweka chini ya taa usiku akatuita wote wawili. Ile ya kung'aa sana taa ilionekana ndani yake kama kwenye kioo, na kila mkwaruzo aliokwaruza kwa ukucha ukawa mweupe unaonekana toka mlangoni. Mama mwenyewe akachagua ya katikati. Mikono mitatu, katikati ya mkono na mkono wanapitisha msasa laini wa 220. Harufu ilikaa siku tano, watoto niliwapeleka kwa dada yangu Tabata.

Sasa matumizi. Tumekula Idi humo tukiwa watu 22, imefanyika posa moja, imemwagika juisi ya ukwaju jagi zima, imedondoka mchuzi wa pilau wenye mafuta. Vyote vimefutika. Juisi ilikaa kama dakika kumi kabla hatujaona na haikuacha kitu. Viti vyote vina vile vitambaa vya kubandika chini ya miguu, navibadilisha kila baada ya miezi mitatu minne maana vikishika mchanga vinakuwa vyenyewe ndo msasa. Mchanga ndo adui mkubwa Kigamboni kuliko maji, viatu vinaishia sebuleni, na hilo wageni wanalielewa bila kuambiwa.

Kudeki ndo palikuwa na kazi. Dada anayenisaidia amezoea ndoo na maji ya kumwaga kama sote tulivyolelewa, tulikaa tukaongea, tukanunua fagio laini na tambara moja la dainingi tu linalokamuliwa mpaka halidondoki. Anafanya vizuri sana saivi, yeye ndo anawazuia watoto na glasi za maji. Kapeti usiweke yenye mpira chini, inafungia unyevu, na kapeti yoyote uihamishe hamishe, mbao inabadilika rangi kwa mwanga na penye kapeti patabaki tofauti.

Inacheza? Inacheza, kidogo. Februari kiyoyozi kikiwaka kila siku, maungio kama matano hivi karibu na dirisha yaliachia, kadi ya vocha ya simu inaingia ncha yake tu. Mwezi wa nne yakafunga yenyewe. Kile kibao cha penseli hakikutandikwa, kiko juu ya kabati la vyombo, naendelea kukipima, Februari 206, juzi kwenye mvua 210. Nikikiona kimepanda najua na chini imevimba, na zile milimita 12 zinafanya kazi yake.

Yasiyonifurahisha. Mzee alichelewa siku tisa kwenye kurudi kupiga msasa, alikuwa na kazi nyingine na hakuniambia mapema, nilipanga chakula cha wakwe nikaahirisha. Kona moja ya mkanda wa mkongo, ile ya nyuma ya kabati, pembe haikukutana sawasawa, kuna uwazi wa kama milimita mbili umejazwa vumbi, haionekani ila mimi naujua upo. Na upande unaopigwa na jua la jioni umeanza kuwa tofauti na wenzake, nimeweka pazia zito ila ningeliweka mwezi wa kwanza.

Hela, maana mtauliza. Mbao 2,280,000. Ufundi 25,000 kwa skwea mita, 525,000. Epoksi, gundi, vanishi, skatingi na usafiri milioni moja na laki moja na kitu. Jumla inakaribia milioni 4, na ile lamineti ya kwanza karibu milioni nyingine imeenda jalalani. Kama bajeti haifiki hapo, mi ningekushauri ufanye ile ya nailoni kwanza, ukikuta pakavu na ukapata fundi anayeacha nafasi ukutani hata lamineti nzuri ya milimita 12 itakukalia miaka, kwa chumba cha wageni kisichopigwa maji. Ukikuta matone, hela yoyote uliyonayo iweke kwenye kuziba chini kwanza, weka hata mkeka wa plastiki kwa muda, mbao utanunua mwakani. Na unene unamaanisha kitu, pakei ya milimita 20 unaweza kuipiga msasa upya mara kadhaa miaka ikienda, lamineti ikichubuka imechubuka.

Mzee hana duka mtandaoni wala bango, anapata kazi kwa watu kuambiana, na ameniomba nisiweke namba yake maana hawezi kuchukua kazi nyingi kwa pamoja. Anakuja baada ya Idi Kubwa kurekebisha ile kona ya mkongo, bila malipo, amesema yeye mwenyewe inamsumbua. Vibao vya ziada vimebaki kama thelathini, nimevipanga juu ya kabati na vijiti katikati, kama alivyonifundisha.